Neno Lililomshinda Msemaji: Makuzi ya Paul Atreides katika Riwaya za Dune

Utangulizi

Riwaya za kubuni zenye msingi wa sayansi hazijapewa nafasi kubwa katika majarida ya vyuo vyetu vya theolojia. Sababu yaeleweka: mchungaji mwenye mitaa minne na pikipiki moja hana wakati wa kufuatilia habari za vyombo vya angani. Hata hivyo, riwaya ya Dune ya Mmarekani Frank Herbert (1920–1986), iliyotoka mwaka 1965, pamoja na mbili zilizoifuata, Dune Messiah (1969) na Children of Dune (1976), zinasimulia jambo lililo la kwetu kabisa: namna kijana anavyofanywa masihi, na yale yanayowapata wamfuatao. Kijana wa Mbinga au wa Mbamba Bay ambaye hajawahi kukishika kitabu chenyewe aweza leo kumtazama shujaa huyo katika filamu za 2021 na 2024, akimpanda mnyoo mkubwa wa jangwani huku umati ukimpokea kama aliyetabiriwa. Ni rahisi kumshangilia. Twaamini kwamba mwandishi hakukusudia ashangiliwe.

Hoja yetu katika makala hii ni moja. Makuzi ya shujaa huyu hayapimiki kwa kumtazama yeye peke yake. Hayana budi kupimwa kwa kuwatazama watu waliokuwapo kabla hajaja, na vile walivyokuwa baada ya kumpata. Tunazisoma riwaya hizi kutoka nyanda za juu za Umatengo na mwambao wa Ziwa Nyasa upande wa Ruvuma, kwa kuwa mkoa huu una kumbukumbu yake wenyewe ya maji na ya unabii.

Kisa kwa ufupi

Paul Atreides ana umri wa miaka 15 wakati baba yake, Mtawala Leto, anapokabidhiwa sayari ya Arrakis. Sayari hiyo haina mvua. Wenyeji wake, Wafremen, huvaa mavazi yanayokusanya jasho na pumzi ili maji yake yanyweke tena, na maji ya maiti hukamuliwa yakawa mali ya jamaa nzima. Msomaji wa Liuli au Lituhi, ambaye huamka akiliona ziwa lisilo na ng'ambo ya karibu, atahitaji kujitahidi ili aione nchi ambayo mtu kutema mate mbele ya mgeni ni kumpa heshima. Ukoo wa Harkonnen unamwangamiza Leto kwa hila, naye Paul na mama yake, Jessica, wanakimbilia jangwani.

Hapa ndipo penye fundo la kisa chote. Jessica ni mfuasi wa chama cha wanawake kiitwacho Bene Gesserit. Karne nyingi kabla, chama hicho kilituma watu wakapande unabii katika sayari za mbali, ili siku mmoja wao akipatwa na shida akute tayari imani itakayomwokoa. Wafremen wanamngoja mkombozi, nao hawajui kwamba ngojeo lao liliandaliwa ofisini. Jessica analijua hilo, naye analitumia. Wachungaji wasomapo sehemu hiyo wasiipite haraka.

Majina na uzito wake

Msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo Mwingereza hana. Herbert aliazima maneno mengi ya Kiarabu, na mengi kati ya hayo yamekaa nasi siku nyingi. Paul anapoitwa Lisan al-Gaib, sisi hatuhitaji faharasa: twasikia lisani na ghaibu. Anapopewa jina la siri la Usul, twasikia usuli. Jina analojichagulia, Muad'Dib, ni la panya mdogo wa jangwani anayejua kuishi penye ukame, na riwaya yenyewe yasema kwamba panya huyo huhesabiwa kuwa mkufunzi wa vijana; sikio letu lakuta humo adabu na kuadibu. Mwishowe anaitwa Mahdi, halafu Mfalme wa Milki yote.

Tukizipanga hatua hizo tutaona jambo la kushangaza. Kila jina linamwongezea Paul uwezo na kumpunguzia uhuru. Mapema katika maisha yake ya jangwani analazimika kupigana na Mfremen aitwaye Jamis, akamwua. Ni mara yake ya kwanza kuua mtu. Mazishini machozi yanamtoka, na wenyeji wanastaajabu, kwa maana wao hawamwagi maji ovyo, na huyu amempa marehemu maji ya mwili wake. Kwa maoni yetu hicho ndicho kilele cha utu wa Paul katika riwaya zote tatu. Yote yafuatayo, yaani kunywa sumu iitwayo Maji ya Uzima, kuziona siku zijazo, kumshinda adui na kukikalia kiti cha enzi, ni kupanda kwa cheo na kushuka kwa mtu. Karibu na mwisho wa kitabu cha kwanza, Paul anamtazama Stilgar, kiongozi aliyempokea jangwani, na kutambua kwamba rafiki amegeuka kuwa mwabudu.

Yafaa tukumbuke kwamba Paul si nabii wa uongo kwa maana tuliyoizoea. Anayoyaona yanatokea kweli. Anaviona pia vita vitakavyopiganwa kwa jina lake, anaviogopa, anatafuta njia ya kuviepa, na haipati. Katika Dune Messiah, miaka 12 baada ya ushindi, anataja mwenyewe hesabu: watu bilioni 61 wameuawa. Baadaye anapofushwa macho, mwenziwe Chani anafariki akijifungua mapacha, na Paul anaondoka peke yake kuelekea jangwani, kama desturi ya Wafremen inavyomtaka kipofu afanye. Katika Children of Dune anarudi akiwa mhubiri kipofu anayeongozwa na kijana, anaikemea dini iliyojengwa juu ya jina lake, na anauawa na makuhani wa dini hiyohiyo.

Kinjeketile, mwaka uleule

Mwaka 1969, ilipotoka Dune Messiah, ilitoka pia tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile. Waandishi hawa wawili waliligusa jeraha moja. Mhusika mkuu wa Hussein anawapa watu maji, na kwa maji hayo anawapa umoja ambao hawakuwa nao. Anapong'amua kwamba imani ya maji itawapeleka mbele ya bunduki, amechelewa: neno limekua, limempita msemaji wake.

Kwa wasomaji wa Ruvuma habari hiyo si ya jukwaani tu. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani tarehe 4 Agosti 1905, mwanzoni kabisa mwa vita, lakini vita havikufa pamoja naye. Vilifika Ungoni mwaka huohuo. Tarehe 27 Februari 1906, mashujaa 67 walinyongwa Songea, nao hukumbukwa kila mwaka mahali lilipo Makumbusho ya Majimaji. Wajerumani walikadiria vifo kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wametaja kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa baada ya majeshi kuteketeza vyakula na mashamba.

Tukiziweka kazi hizi mbili pamoja, tofauti yajitokeza. Watu wa Hussein wana sababu zao wenyewe za kupigana: shamba la pamba, viboko, kodi. Wanabishana na nabii wao, wanamtilia shaka, wanamhimiza. Wafremen wa Herbert wana ujasiri mwingi lakini wana maneno machache. Herbert anatuonya tusiwe watumwa wa mashujaa, na papo hapo hayaondoi macho yake kwa shujaa. Wafu bilioni 61 wanapita katika mazungumzo ya dakika chache, wala hatuambiwi jina la hata mmoja wao. Huo ndio upungufu mkubwa wa kazi yake.

Ngolo na subira

Hata hivyo, yamo katika Dune mambo ambayo msomaji wa Mbinga ataweza kuyaona upesi kuliko wahakiki wengi. Kabla ya kuja kwa Paul, Wafremen walikuwa na kazi yao. Mtaalamu wa mazingira, Pardot Kynes, aliwafundisha kwamba jangwa laweza kugeuzwa kuwa nchi yenye majani na miti, akawaambia kwamba kazi hiyo ingechukua miaka 300 hadi 500. Walikubali. Walikusanya maji tone kwa tone katika mabirika yaliyofichwa chini ya ardhi, wakapanda nyasi za kushika mchanga, wakijua kwamba yeyote kati yao hatauona mto.

Wamatengo wanaijua subira ya namna hiyo. Katika miteremko mikali ya Mbinga wamelima kwa ngolo tangu zama za mababu: nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, udongo hufukuliwa katikati na kufunika nyasi, na mashimo yanayobaki huyashika maji ya mvua yasiondoke na rutuba. Maharage na mahindi hupokezana. Hakuna nabii aliyeitabiri ngolo, na hakuna mtu mmoja awezaye kujisifu kwamba ni yake. Ni hekima ya watu wengi, wanaume wakifyeka na wanawake wakichimba, mwaka hata mwaka.

Paul anapokuja, subira ya Wafremen inageuzwa kuwa jeshi. Akiisha kutawala, maji wanayapata upesi. Lakini katika kitabu cha tatu nidhamu ya maji imelegea, mavazi yao yanashonwa ovyo, na minyoo ya jangwa, ambayo uhai wa sayari uliitegemea, inaanza kutoweka. Watu wamepewa walichokiomba, wakakosa kuwa watu waliokiomba. Hapo ndipo twakipata kipimo tulichokitafuta: kijana amekua, taifa limedumaa.

Maana yake kwa huduma

Tumezoea kumwuliza kila nabii swali moja, kama ni wa kweli au wa uongo. Riwaya hizi zinatuletea swali la pili, ambalo ni gumu zaidi: hata kama karama yake ni ya kweli, inawafanya nini wale wanaoipokea? Mwaka 2011, maelfu kwa maelfu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kukinywa kikombe cha mchungaji mstaafu wa Kilutheri, wengine wakingoja njiani kwa siku kadhaa. Hatusemi hapa juu ya mtu yule. Twasema juu ya foleni ile. Kiu ilikuwapo kabla ya kikombe, nasi tuliokuwa na sharika na mimbari hatukuwa tumeiona.

Luther, katika mahojiano ya Heidelberg mwaka 1518, alitofautisha theolojia ya utukufu na theolojia ya msalaba. Paul Atreides ni mtoto wa ile ya kwanza, na anapoifikia ya pili, akiwa kipofu na bila kiti cha enzi, makuhani wake hawana tena haja naye. Kristo naye alikwenda jangwani, lakini alitoka huko akiwa amekataa falme alizoonyeshwa. Na katika Yohana 6, watu walioshiba mikate walipotaka kumfanya mfalme kwa nguvu, aliondoka, akapanda mlimani peke yake. Alikataa mapema jina ambalo Paul aliomba kuvuliwa akiwa amechelewa.

Hitimisho

Tunawashauri wanafunzi wa theolojia wavisome vitabu hivi vitatu kwa mfululizo, wala wasiishie cha kwanza, maana anayeishia hapo hubaki na shujaa tu. Wavisome pamoja na Kinjeketile, ili sauti za watu ambazo Herbert alizisahau zisikike. Na watakapopelekwa kuhudumu Mbinga, au wakateremka hadi mwambaoni Nyasa, wakakuta kijana mwenye karama anayefuatwa na wengi, wasianze kwa kumwonea wivu wala kwa kumsifu. Waende kwanza kwa wanaomfuata, watazame kama bado wanalima ngolo zao.