Hesi Tatu au Hesi ya Nyuzi Tatu?

Mfasiri wa maandishi ya sayansi hana kazi ngumu zaidi kuliko kutafuta neno la kitu kisichoonekana kwa macho. Istilahi ya jembe ikikosewa, jembe lenyewe litatusahihisha. Lakini istilahi ya kitu kilichomo ndani ya seli ikikosewa, kosa hilo ndilo litakalobaki kuwa picha pekee kichwani mwa mwanafunzi. Kwa sababu hiyo tumeonelea tuzipime hapa istilahi nne ambazo mfasiri huelekea kuzishika anapoeleza jinsi nyuzi fupi za DNA, zilizoundwa maabarani, zinavyojishikiza kwenye jeni. Istilahi hizo ni hesi tatu, kusuka, DNA bandia, na antijeni.

Yafaa kwanza kulieleza jambo lenyewe. Mwaka 1953 James Watson na Francis Crick walibainisha kwamba DNA ni nyuzi mbili zilizozungukana, na kwamba besi za uzi mmoja hupatana na besi za uzi wa pili: adenini kwa timini, guanini kwa sitosini. Mwaka 1957 Gary Felsenfeld, David Davies na Alexander Rich walionyesha, kwa kutumia RNA iliyotengenezwa, kwamba nyuzi za namna hii zaweza pia kukaa tatu pamoja. Mwaka 1959 Karst Hoogsteen alieleza namna nyingine ya besi kushikana kwa vifungo vya haidrojeni, kwa upande wa adenini ulioachwa wazi na upatanisho wa Watson na Crick. Hatimaye, mwaka 1987, kundi la Peter Dervan huko Marekani na kundi la Claude Hélène huko Ufaransa yalionyesha, kila moja kwa njia yake, kwamba uzi mfupi wa kuundwa waweza kutambua mahali maalumu katika DNA ya nyuzi mbili na kujishikiza hapo. Uzi huo hulala katika mfuo mpana wa DNA bila kuzitenganisha nyuzi mbili za asili.

Tuanze na hesi tatu. Hesi ni neno letu la siku nyingi. Fundi yeyote hulijua kwa ile mistari inayozunguka skrubu. Basi mwalimu akisoma hesi tatu, atachora ubaoni hesi moja, kisha ya pili, kisha ya tatu, nasi hatutakuwa na haki ya kumlaumu, maana ndivyo alivyoambiwa. Lakini hesi hapa ni moja tu. Kilicho kitatu ni nyuzi. Kwa hiyo tunapendekeza hesi ya nyuzi tatu, na kwa DNA ya kawaida hesi ya nyuzi mbili. Ni kweli kwamba istilahi hii ni ndefu kwa maneno mawili. Lakini ufupi unaopotosha si sifa ya istilahi.

Neno la pili ni kitenzi kusuka, ambalo ni zuri masikioni. Hata hivyo, asukaye ukili hupitisha kila chane juu na chini ya nyingine, na chane zote zina kazi sawa; ukiichomoa moja, ukili wote umefumuka. Uzi wa tatu wa DNA hauna hali hiyo. Nyuzi mbili za asili zimeshikana zenyewe, na huu wa tatu huja baadaye ukaegemea. Chembe hizo zikipashwa moto, kwa kawaida uzi wa tatu ndio unaobanduka kwanza, na zile mbili hubaki zimeshikana. Tena uzi huo haukai popote. Huhitaji sehemu ambapo uzi mmoja wa jeni una mfululizo wa adenini na guanini tupu. Katika namna inayojulikana zaidi, timini ya uzi wa tatu huikabili adenini, na sitosini huikabili guanini. Sitosini hiyo nayo sharti ipate protoni, jambo linalotaka hali ya uasidi kuliko ilivyo kawaida ndani ya seli. Ndiyo sababu wanakemia huibadili sitosini kidogo ili mshiko uimarike. Haya yote hayamo katika kusuka. Kujishikiza kunatosha.

Istilahi ya tatu, DNA bandia, ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Meno bandia si meno, wala maua bandia si maua. Uzi ulioundwa maabarani, kabla ya kubadilishwa kwa namna yoyote, una besi zile zile, sukari ile ile na fosfati ile ile kama DNA ya mwilini. Tofauti yake ni mahali ulipoundwa. Mgonjwa akiambiwa kwamba atatiwa kitu bandia mwilini, ana haki ya kushtuka. Neno sanisi linatufaa zaidi, nalo si geni kwa walimu wanaofundisha usanisinuru.

Ya nne ni antijeni, na hapa kosa si la kuchagua vibaya bali la kutohoa bila kutazama. Katika lugha zilikotoka, neno la kitu kinachoamsha kinga ya mwili na neno la mbinu ya kuizuia jeni hutofautiana kwa herufi ya mwisho. Yakiingia katika Kiswahili, yote mawili huwa antijeni. Antijeni ya kinga imekwisha kuzoeleka katika hospitali zetu, wala haiondoleki. Kwa hiyo mbinu hii ya pili na iitwe uzuiaji wa jeni. Vile vile isichanganywe na dawa zinazojishikiza kwenye RNA inayobeba ujumbe wa jeni. Dawa ya kwanza ya kundi hilo iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, ilhali uzi wa tatu hulenga jeni yenyewe. Mfasiri anayeziita zote kwa jina moja humwahidi msomaji dawa iliyokwisha kuidhinishwa mahali ambapo pana utafiti tu.

Huenda wengine wakasema kwamba mambo haya ni ya wataalamu wachache, na kwamba wao husoma kwa lugha nyingine. Hatukubaliani nao. Mtaalamu asomaye kwa lugha nyingine haumizwi na istilahi mbovu ya Kiswahili. Anayeumia ni mwanafunzi asiye na mahali pengine pa kusahihishiwa. Tunayaweka mapendekezo haya mbele ya wafasiri na walimu ili wayajaribu darasani na katika maandishi yao. Mwenye neno lililo bora na alilete. Lakini kabla ya kulileta, amwombe mtu asiyejua habari hii achore alichokielewa.