Salfa juu, mbaazi chini: nani anashika madini ya udongo?

Mkulima wa korosho wa Naipingo, Nachingwea au Ruangwa, kusini mwa Tanzania, anapopuliza salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, shabaha yake ni maua. Lakini unga mwingine huanguka chini ya mkorosho, na mvua zikianza bakteria huugeuza kuwa asidi ya salfuriki. Salfa yote ya mfuko wa kilo 25 ikigeuka hivyo, kuituliza kunahitaji takriban kilo 78 za kalsiamu kaboneti, yaani chokaa ya shambani iliyo safi. Mwaka 1997, Majule, Topper na Nortcliff walichapisha utafiti kuhusu athari za salfa hiyo kwa mazingira ya kusini mwa Tanzania, tindikali ya udongo ikiwa miongoni mwa hoja zake.

Kinadharia, tindikali ikiongezeka hadi pH kushuka kwa kipimo kimoja, zinki na manganizi huyeyuka hadi mara mia zaidi. Zinki kidogo ni chakula cha mmea. Manganizi na alumini zikizidi huudhuru, na kwenye udongo wa kichanga zinki iliyoachiwa huweza kuoshwa na mvua kabla mizizi haijaifikia.

Hapo ndipo masalia ya mazao yanapoingia, kwa hatua mbili. Majani mabichi yanapoanza kuoza, hutoa asidi dhaifu zinazoshika shaba, zinki na chuma na kuyaweka madini hayo kwenye maji ya udongo. Vijidudu navyo humaliza hewa, hivyo penye maji yaliyotuama manganizi huongezeka. Baadaye hubaki mboji, ambayo huyashikilia madini hayo, hasa shaba, na kuifunga alumini. Kuoza kwenyewe pia hupunguza tindikali kwa muda, kwa kuwa majani yana kalsiamu, magnesiamu na potasiamu.

Majani ya mbaazi iliyopandwa kati ya mikorosho huoza upesi kwa sababu yana naitrojeni nyingi. Mabua ya mahindi hukawia, na vijidudu vinavyoyaozesha huitwaa naitrojeni ya udongo. Anayechoma masalia hupata majivu yanayopunguza tindikali haraka, lakini kaboni ya kutengeneza mboji imeshakwenda na moshi.

Hata hivyo masalia si mbadala wa chokaa. Naitrojeni ya mbaazi ikigeuka naitreti na kuoshwa, huacha tindikali nyuma yake. Kwa hiyo pima pH mahali pawili: chini ya mwavuli wa mkorosho na katikati ya mistari. Chini ya mwavuli ikisoma pungufu ya 5 na katikati ikiwa juu, mshukiwa wa kwanza ni salfa: anza na chokaa, kisha tandaza majani bila kuyarundika.