Kazi Zinazosuasua katika Mifumo Sambavu ya Kompyuta: Uhakiki wa Tiba ya Nakala

Makala haya yanahakiki tiba iliyozoeleka ya kazi zinazosuasua katika mifumo sambavu, yaani mifumo inayoigawa kazi moja kwa kompyuta nyingi. Hoja yetu ni kwamba tiba hiyo huponya maradhi mamoja, ilhali kuchelewa ni dalili ya maradhi mengi.

Mwaka 2004, Jeffrey Dean na Sanjay Ghemawat wa Google walieleza kuwa, katika mfumo wao wa MapReduce, kazi inapokaribia kwisha vipande vilivyosalia huanzishiwa nakala katika mashine nyingine. Matokeo yanayotangulia ndiyo yanayopokewa. Katika jaribio lao la kupanga rekodi, kuiondoa mbinu hiyo kulirefusha muda kwa asilimia 44, kutoka sekunde 891 hadi 1283. Vipande 5 tu viliichelewesha kazi nzima kwa takribani sekunde 300. Uzito wa ushahidi huo hauna shaka.

Udhaifu ulidhihirika wazo hilo lilipohamishiwa kwingine. Hadoop, programu huria iliyofuata mfano wa MapReduce, ilichukulia kwamba mashine zote zina nguvu sawa. Mwaka 2008, Matei Zaharia na wenzake walionyesha kuwa dhana hiyo huporomoka mashine zinapotofautiana: nakala huanzishwa kupita kiasi na kugombea rasilimali zilezile. Mbinu yao, LATE, hukadiria muda uliosalia, huteua kipande kinachotarajiwa kumaliza mwisho, na huweka kikomo cha idadi ya nakala. Hata hivyo, LATE nayo haiponyi kipande kilichopewa data nyingi kuliko vingine. Kukinakili ni kumtwika mpagazi wa pili mzigo uleule. Hapo dawa ni kuugawa mzigo upya.

Suala hili linawahusu pia washauri wa sera. Taasisi inayounganisha kompyuta zilizonunuliwa kwa awamu inakabiliwa na mazingira aliyoyachunguza Zaharia. Kwa hiyo, kabla ya kuidhinisha ununuzi mpya, wadai kumbukumbu za muda wa kila kipande, ukubwa wa data yake na mashine iliyokitekeleza. Ikiwa vipande mbalimbali huchelewa katika mashine ileile, tatizo ni mashine. Ikiwa kipande kilekile huchelewa popote kipelekwapo, tatizo ni mgawanyo, na fedha za mashine mpya hazitalitatua.