Cheche Itowekayo Injini Ipatapo Joto

Miongoni mwa hitilafu zinazowasumbua mafundi wa pikipiki za zamani za porini, zile zenye injini ya mapigo mawili, hakuna inayopoteza watu kwa wepesi kuliko ile ya injini iwakayo asubuhi kwa kiki moja, ikaenda vema, kisha, ipatapo joto, ikaanza kukohoa na kuzimika, na isikubali kuwaka tena ila baada ya kupoa. Aghalabu lawama hutupiwa kabureta, ikafunguliwa, ikasafishwa na kurudishwa, na madhali muda huo wote injini imekwisha poa, ikawaka. Fundi akajiona amefaulu, ilhali hajagusa ugonjwa wenyewe.

Pikipiki tunayoichambua ni Yamaha DT-1, aina iliyotoka mwaka 1968, yenye silinda moja ya cc 246, ambayo cheche yake haitegemei betri. Sumaku za gurudumu la magneto huizunguka koili ndogo iliyofungwa kwenye bamba, umeme ukazaliwa, na pale pointi zinapoachana nguvu ile hukimbilia koili kubwa iliyo chini ya tangi, ikazidishwa hata iweze kuruka pengo la plagi. Na jambo hilo sharti litimie kila mzunguko wa krankishafti, si kila mzunguko wa pili kama katika injini ya mapigo manne.

Tadbiri iliyofuatwa ilikuwa kuiendesha mpaka izimike yenyewe, na kuipima papo hapo, ingali na moto. Plagi ilitoka imelowa petroli, ithibati ya kuwa chakula kinafika na moto haupo. Plagi mpya, ubavu wake ukigusishwa mapezi ya silinda, ilitoa cheche nyembamba, ya manjano, ambayo ingawa ilionekana hewani isingestahimili mgandamizo ndani ya silinda. Waya wa swichi ya kuzimia ukachomolewa, kwa kuwa katika magneto swichi hiyo huzima injini kwa kuupeleka umeme kwenye bodi, na waya uliochubuka chini ya tangi hutenda vivyo hivyo bila kuamriwa, lakini hali haikubadilika. Kofia ya plagi ikaondolewa, na ncha ya waya, ikishikwa kwa koleo yenye mpini wa mpira, ikawekwa kiasi cha milimita 6 kutoka mapezini: cheche ikashindwa kuruka, na kofia ikawa imeondolewa shaka.

Ushahidi mkubwa ulipatikana kwenye dirisha la gurudumu la magneto. Kila kiki ilipopigwa, pointi zilitoa mwako mkali baina yao, na mwako huo ulisema mambo mawili kwa pamoja: kwamba koili ndogo ingali inazalisha umeme, maana pasipo umeme pasingekuwa na mwako, na kwamba kondensa, ambayo kazi yake ni kuupokea umeme huo pointi zinapoachana, imeacha kuupokea. Kondensa ya namna hii, ikipimwa baridi, yaweza kuonyesha ujazo wake kamili, kwa kuwa kihami chake huanza kuvujisha umeme pale tu joto la injini linapokifikia. Ndiyo maana vipimo vya karakana, vilivyofanywa ikiwa baridi, vilikuwa vimeisafisha dhidi ya tuhuma.

Sili ya krankishafti upande wa magneto nayo ilichunguzwa, kwani ikivuja injini hunyonya hewa ya ziada na kuonyesha dalili zinazofanana sana na za kukosa cheche. Lakini nyuma ya bamba palikuwa pakavu, pasipo utando wa mafuta.

Gurudumu lilitolewa kwa kivutio chake, wala si kwa nyundo, ambayo hupindisha krankishafti na kudhoofisha sumaku. Pointi na kondensa zikabadilishwa pamoja, pengo likawekwa baina ya milimita 0.3 na 0.4, kisha wakati wa moto ukapimwa upya kwa saa ya kipimo iliyoingizwa tundu la plagi, hata pointi zikaanza kuachana pistoni ikiwa karibu milimita 3 kabla ya kufika juu. Hatua hii haina hiari: kila pengo libadilikapo na wakati hubadilika, na moto ukiwahi kupita kiasi pistoni hutoboka.

Nawasihi mafundi jambo moja katika kununua: kondensa iliyokaa rafuni miaka mingi, hata kama haijapata kufungwa katika injini, nayo huchakaa, kwa hiyo ipasheni joto na kuipima kabla ya kulirudisha gurudumu mahali pake.