Mkono Mwepesi Shingoni

Upande wa kushoto wa shingo, kati ya ateri kubwa inayopeleka damu kichwani na vena inayoirudisha, umelala mshipa wa fahamu uitwao vagasi. Huanzia kwenye ubongo, hupita kwenye moyo na mapafu, hushuka mpaka tumboni. Mwaka 2000, Kevin Tracey na wenzake huko Marekani walionyesha kwa wanyama kwamba mshipa huu ukiamshwa kwa umeme, mwili hupunguza TNF, kemikali inayochochea uvimbe. Bruno Bonaz, bingwa wa magonjwa ya tumbo mjini Grenoble, Ufaransa, akauelekeza ujuzi huo kwenye ugonjwa wa Crohn, ambapo kinga ya mwili huugeukia utumbo na kuutia vidonda.

Kifaa cha kuuamsha mshipa huo si kipya. Marekani kiliidhinishwa kwa wenye kifafa mwaka 1997. Ninachokistahi zaidi ni mikono inayokiweka. Mpasuaji hupasua ngozi, huisogeza misuli kando, hufungua ala iliyofunika ateri, vena na vagasi kwa pamoja, kisha huufichua mshipa kiasi cha sentimita 3. Hauvuti, haubani, wala hauachi ukauke: huulowesha kwa maji ya chumvi. Ndipo huuzungushia koili tatu za silikoni zilizojisokota mithili ya springi ya kalamu, mbili za kupitisha umeme, ya tatu ya kushikilia waya. Zikikaza, mshipa utaumia. Waya nao huachiwa mkunjo hapo shingoni kabla ya kushushwa kwenye betri chini ya mtulinga. Naupenda sana mkunjo huo. Aliyeubuni alimwona mgonjwa akigeuka ghafla kumtazama anayemwita.

Baada ya hapo ni kazi ya subira. Grenoble walichagua mapigo 10 kwa sekunde, kwa sekunde 30, kisha mapumziko ya dakika 5, usiku na mchana. Nguvu ya umeme hupandishwa kidogo kidogo, kwa kuwa tawi la mshipa huohuo huenda kwenye kisanduku cha sauti, na sauti ya mgonjwa huweza kukwaruza kila umeme unapopita.

Katika wagonjwa 7 wa kwanza, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2016, wawili walizidiwa wakaondolewa kwenye utafiti katika mwezi wa tatu. Watano walipata nafuu. Mwaka 2020 taarifa ilikuwa ya wagonjwa 9: baada ya mwaka mzima, dalili za watano zilikuwa zimetulia, na kamera iliyoingizwa tumboni ilikuta utumbo wa wagonjwa sita umetulia.