Hongera, washauri wa Moshi na Bungoma

Mtoto aliyefiwa tumezoea kumwambia, "Jikaze, usilie." Washauri wa Moshi na Bungoma walikwenda kinyume: walimfundisha kupumua taratibu, kisha, kidogo kidogo, asimulie kifo cha mzazi wake, hata pale panapouma. Nao si madaktari. Ni watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa kwa karibu. Walezi walikuwa na vikao vyao (bibi naye kafiwa na mwanawe, tusisahau). Utafiti wa tiba yao hii, uliochapishwa mwaka 2020, ulihusisha watoto 640 wa miaka 7 hadi 13, wengine wakipata huduma ya kawaida tu. Tiba ilipoisha, vijijini Moshi tofauti haikuonekana. Moshi mjini, na Bungoma kote, tiba ilishinda. Washauri hawa wapewe nafasi kwenye zahanati zetu, si makofi tu.