Mchapaji, Mchapishaji na Maana ya Toleo

Neno moja likibeba maana mbili, wa kwanza kupata hasara ni yule aijuaye moja tu. Katika makala haya nakusudia kuchungua maneno manne ya kazi ya vitabu: mchapaji na mchapishaji, chapa na toleo. Maneno haya huchanganywa kila siku, hata na sisi tulio wanafunzi wa lugha.

Tuanze na sarufi. Kuchapa ni kutia maandishi ya wino juu ya karatasi. Kuchapisha, kwa kauli ya kutendesha, ni kusababisha kitabu kichapwe. Basi mchapaji ni mwenye mtambo. Mchapishaji ni yule auchaguaye mswada, akaukabidhi kwa mhariri, akatoa gharama, akakiuza kitabu na kumlipa mwandishi mrabaha wake. Zamani watu hawa wawili waliweza kukaa nyumba moja. Gazeti la Kiongozi, lililoanza hapa Tanga mwaka 1904, lilitoka katika shule ya serikali ya Wajerumani iliyokuwa na mtambo wake yenyewe. Leo nyumba ni mbili, lakini jina limebaki moja.

Mzee mmoja wa Ngamiani, mtunzi wa mashairi, alinionyesha maboksi ya diwani yake yaliyojaa chini ya kitanda. Alikuwa amelipa akiba yake katika duka la kupiga chapa, kisha akangoja mrabaha. “Mwanangu,” akaniambia, “walisema watanichapishia.” Lau wangalisema watamchapia, angalifahamu kuwa kuuza ni juu yake mwenyewe. Silabi moja ilimla mzee fedha zake.

Chapa na toleo nayo yana madhara yake, na hapa waathirika ni wataalamu. Kitabu kikirudiwa bila kubadilishwa maandishi, hiyo ni chapa ya pili. Maandishi yakirekebishwa au kuongezwa, hilo ni toleo la pili. Jalada jipya pekee halileti toleo jipya. Chukua mfano wa Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga. Maisha Yangu kilitoka mwaka 1949. Mwaka 1966, miaka minne baada ya kufa kwake, kilitoka pamoja na sehemu ya pili, Baada ya Miaka Hamsini. Mhakiki atajaye mwaka 1966 peke yake huyasogeza mbele kwa miaka 17 maneno ya sehemu ya kwanza, kisha akajenga juu yake hoja ya ukuaji wa fikira za mtunzi. Nyumba hiyo haina msingi.

Wako wasemao kuwa mazoea ndiyo mfalme wa lugha. Sikatai, barazani kila mtu na aseme apendavyo. Lakini mkataba si baraza, wala orodha ya marejeo si mazungumzo. Lugha yetu imekwisha kututengenezea maneno yaliyo wazi. Yafaa tuanze sisi wenyewe, katika kurasa za jarida hili, kuyaweka kila moja mahali pake.